Raba za Mukhwana na Kijiti cha Ufagio

Mukhwana hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Fundi wa mawe ni fundi wa mawe: utamkuta ghorofa ya nne, amesimama juu ya ubao mmoja uliopigiliwa jana na mtu aliyekuwa na haraka, anapiga mluzi na kumtukana mchanganya mchanga aliye chini. Hata mwenye nyumba wake kule Mashimoni, Kibera, alimbishia mlango kwa adabu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho kikimjia akilini, mluzi ulikatika katikati. Kitu hicho ni vidole vyake vya mguu wa kushoto.

Vilikuwa vimekufa ganzi. Ugonjwa wa sukari ulipomwingia, vilianza kumwasha kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu. Halafu vikaacha kuwasha. Asubuhi moja alikanyaga kaa lililodondoka kutoka jikoni, na alinusa ndala ikiungua kabla hajahisi chochote. Alilipiga kaa teke, akatazama huku na huku kama mwizi, na alipoona mkewe Jentrix yuko nje anapanga sukuma wiki kwenye kibanda chake, akaingia ndani na kunyamaza. Hakumwambia mtu.

Na usimcheke haraka. Huyu alikuwa amemzika Wanzala.

Wanzala alikuwa kaka yake mkubwa, fundi kama yeye, mgonjwa wa sukari kama yeye. Siku moja kijiwe kiliingia ndani ya gambuti yake, lile buti la mpira la kazini, akafanya nacho kazi kutwa nzima bila kujua. Jioni alipovua, soksi iliganda kwenye nyama. Akasema ni kidonda tu, kitakauka. Hakikukauka. Kilianza kidole, kikapanda, madaktari wakakata mguu chini ya goti, na bado kikapanda. Alirudishwa nyumbani Bungoma ndani ya sanduku. Pale matangani shangazi mmoja aliuliza kwa kunong'ona, lakini mnong'ono wa shangazi yule husikika hadi kwa jirani: "Na mguu wake wameuacha wapi? Mtoto wetu anazikwa nusu?" Tangu siku hiyo Mukhwana hakupenda kuitazama miguu yake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na Mukhwana methali hiyo aliijua vizuri, tena aliwahi kumwambia Wanzala.

Sasa siku ya kliniki ikafika, huko Sarang'ombe. Muuguzi aliyemhudumia aliitwa Bridgit, dada mpole mwenye miwani. Alimvua viatu, akatoa uziuzi mwembamba wa plastiki, akamwambia, "Baba, funga macho. Nikikugusa useme ndiyo."

Mukhwana akafunga macho. Angoje aguswe, asihisi, halafu iandikwe kuwa mguu umekufa? Aa, hapana. Kile kiti cha plastiki alichokalia Bridgit kilikuwa kinalia kila anapoinama. Kiti kikalia, Mukhwana akasema ndiyo. Kikalia tena, akasema ndiyo. Fundi mzima, baba wa watu, anaiba mtihani kama mtoto wa shule! Na akafaulu.

"Vizuri sana," Bridgit akasema. "Kama ungekuwa na ganzi ningekukataza kukimbia. Lakini kwa vile unahisi, kimbia polepole kila asubuhi, sukari itashuka. Nunua raba za kukimbia, zile laini. Mbele ziache nafasi ya dole gumba. Vaa soksi nyeupe, ukitoka damu uione. Na kila jioni utazame miguu, juu na chini."

"Sawa, sista," alisema Mukhwana, akatoka akiwa ameshinda na ameogopa zaidi ya alipoingia.

Raba hakwenda kuzitafuta karibu na nyumbani. Huko kila muuza viatu alimjua Jentrix, na maswali yangefika mezani kabla yake. Alizitafuta Kawangware, pale kituo cha 46, karibu na jengo walilokuwa wakijenga. Hapo kulikuwa na mama wa Kikamba aitwaye Kasiva, mwenye sauti ya kumgeuza mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alining'iniza raba za mitumba kwa kamba zake kwenye misumari, nyingine akazipanga juu ya nailoni iliyotandikwa chini, zimeoshwa hadi zinang'aa.

"Kamera! Kamera!" alikuwa akiita, maana ndivyo wachuuzi wanavyoviita vile vizuri vinavyochaguliwa kwanza mtumba unapofunguliwa. "Niaje mzee! Unataka za kanisa ama za kazi?"

"Za kukimbia."

Kasiva akamtazama kutoka kwenye kofia iliyojaa simiti hadi kwenye gambuti. "Haki ya Mungu! Na unamkimbia nani?"

Wateja wakacheka. Mukhwana hakucheka, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Alikaa kwenye kreti ya soda akajaribu raba za kwanza, pana, za buluu. Akasimama. Mguu wa kulia ulihisi kitambaa, ulihisi soli. Wa kushoto haukuhisi kitu, kama umeishia kwenye kisigino. Akabonyeza vidole chini, akangoja. Wapi! Akazivua haraka. Akajaribu nyingine, nyeusi, na nyingine yenye mistari. Ni yale yale. Jasho lilianza kumtoka kwapani na jua lenyewe halikuwa kali. Kila kiatu kilichomwingia vizuri kilimwambia jambo moja tu, kwamba vidole havipo, na kila mara alimwona Wanzala na ile soksi.

Ndipo akazichukua zile nyekundu. Zilikuwa nyembamba, ikabidi avute ulimi wa kiatu na kusukuma kisigino kwa kidole. Zilipoingia, kitu kikamshika juu ya unyayo, kikambana pembeni, kikambana kwenye kifundo. Alihisi! Mguu wa kushoto ulikuwa hapo, mzima, umeshikwa sawasawa. Machozi yakamlengalenga mbele za watu.

"Hizi," akasema.

"Hizo ni ndogo, mzee," Kasiva akasema. "Ona vile kitambaa kimevimba hapo kwa kidole. Wachana nazo, chukua za buluu."

"Za buluu zinacheza. Hizi zinanishika. Mguu ni wangu, mama."

"Mguu ni wako lakini macho ni yangu. Mimi nataka urudi kununua zingine, sitaki urudi kunitusi."

"Funga hizi."

Kasiva akafunga. Husemwa kwamba avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Ni kweli, lakini waliosema hawakuwa na sukari.

Basi Mukhwana akaanza kukimbia. Alfajiri aliondoka Mashimoni na raba nyekundu, akafuata njia ya watu wa kazi hadi Kawangware, gambuti zikiwa zimefungwa mgongoni. Watu waliokuwa wakitembea walimpisha na kumtania: "Mzee, medali utatuletea lini?" Aliwainulia mkono. Mluzi ukarudi. Kila hatua ilimbana juu ya mguu, na kila ilipombana alijiambia, upo, bado upo. Jentrix alifurahi kumwona akila vizuri na kuimba akioga. "Baba Nelima amekuwa kijana," aliwaambia wanawake pale kwenye maji. Nelima ni binti yao, aliyeolewa Webuye.

Lakini soksi hakuvaa nyeupe. Alinunua nyeusi, na mwenyewe alijua kwa nini. Soksi nyeupe ina mdomo. Na jioni alivulia raba kwenye kona, akanawa miguu nje kwa kumwagia maji akiangalia paa la jirani. Huyu ndiye mtu ambaye kazini, akiona ufa mdogo ukutani, hali chakula hadi auzibe.

Jumamosi moja Jentrix alitoa beseni, akatumbukiza nguo za juma zima, na soksi za mumewe akaziloweka kando kwenye karai. Mukhwana alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai isiyo na sukari. Jentrix alipoinua zile soksi kuzifikicha, mikono ikasimama.

"Baba Nelima, hii ni nini?"

"Ni nini?"

"Maji."

Mukhwana akatazama. Maji ya karai yalikuwa mekundu, mekundu ya kuelekea kahawia.

"Zinachuja," akasema. "Ni mitumba hizo, rangi haijashika."

"Tangu lini nyeusi ikachuja nyekundu?" Jentrix alisimama, mikono inadondosha povu. "Toa huo mguu."

"Mama Nelima, watu wanatuona."

"Wacha waone! Toa mguu!"

Mukhwana aliweka kikombe cha chai chini. Akatoa mguu kwenye ndala taratibu, akiangalia pembeni. Jentrix alipiga magoti kwenye matope ya povu lake, akauinua mguu, akavitenganisha vidole. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomwogopesha Mukhwana kuliko kelele. Alizingoja, na zisipokuja akatazama mwenyewe.

Ukucha wa kidole kikubwa ulikuwa mweusi. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka ngozi yote ya nje, nyama iko wazi, pembeni imeanza kuwa nyeupe, na harufu ilikuwepo. Mkewe alikuwa ameshika pale pale kwenye nyama. Mukhwana hakuhisi mkono wake wala kidonda. Aliona mguu wa Wanzala umewekwa mwishoni mwa mwili wake yeye.

"Tangu lini?" Jentrix akauliza.

"Sijui. Sikuhisi."

"Huhisi vidole?"

Akatikisa kichwa.

"Na pale kliniki uliwaambia?"

Jentrix akauweka mguu chini polepole, halafu hasira ikampanda hadi akasimama nayo. "Yaani wewe! Nalala na wewe kitanda kimoja, napika bila sukari, bila mafuta, nakula chakula cha hospitali kwa sababu yako, na wewe unanificha mguu! Unataka nisimame huko Bungoma shangazi yako aniulize mguu wako nimeuacha wapi? Nitamjibu nini? Eh? Nitamwambia uliogopa kuangalia?"

"Niliogopa," Mukhwana akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya ghorofani. "Jentrix, naogopa sana."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Nelima azaliwe. Jentrix alifuta mikono kwenye leso yake, akaufunga mguu kwa kitambaa safi, akamwachia jirani beseni, wakaenda kliniki.

Bridgit alipokifungua kile kitambaa uso wake ulibadilika. Alisafisha, akakata ngozi iliyokufa, na Mukhwana akamtazama akikata kama anayetazama mtu mwingine akikatwa. Ndipo ule uziuzi ukatoka tena. Safari hii Jentrix ndiye aliyekalia kiti cha plastiki, na Bridgit alikuwa amesimama.

"Funga macho, baba. Nikikugusa useme ndiyo."

Mukhwana alifunga. Akangoja. Hakuna kilicholia. Alisikia mtoto akikohoa kwenye foleni, akasikia pumzi za mkewe.

"Sista," akasema, macho bado yamefungwa, "kama umegusa, sijahisi. Hata siku ile sikuhisi. Kiti ndicho kilikuwa kinaniambia."

Bridgit aliuweka ule uziuzi chini. "Nimegusa kila kidole, baba," akasema. "Siwezi kukuahidi hiki kidogo. Kikianza kupanda kitakatwa, na tutashukuru kama kitakuwa hicho tu. Kila asubuhi uje kufungwa. Kukimbia basi. Na hivyo viatu nisivione tena."

Mtu asikudanganye kwamba kungoja ni kazi rahisi. Mukhwana alikaa nyumbani mguu umeinuliwa juu ya debe, kazi imesimama, na kila alfajiri walitembea hadi Sarang'ombe, yeye akiegemea bega la mkewe. Kila kitambaa kilipofunguliwa aliacha kupumua. Je, kimepanda? Alianza kuota amefika kwao na watu wanamhesabu viungo langoni. Jentrix naye aliogopa, ila woga wake ulitoka kwa maneno: aligombana na ndoo, aligombana na jiko, aligombana na wateja wa sukuma wiki. Jioni aliomba kwa sauti, na ndani ya sala akamtia Wanzala, amwombee ndugu yake huko aliko. Pembeni mwa kidonda palianza kuwa na wekundu mzuri. Kikajifunga kidogokidogo, kikagoma, kikajifunga tena. Siku Bridgit aliposema kidole kitabaki, Mukhwana alilia mbele ya foleni nzima na hakujali.

"Utatembea tu," Bridgit akasisitiza. "Lakini raba ni zile zile za kukimbia, laini, zenye nafasi. Kuchagua ndiyo kazi."

"Yeye hachagui tena," Jentrix akasema.

Walipofika nyumbani alimwambia asimame sakafuni, mguu mtupu juu ya karatasi. Akachomoa kijiti kimoja kwenye ufagio, akakilaza kando ya unyayo kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, akaongeza upana wa dole gumba lake, akakivunja hapo. Mukhwana alimtazama utosi. Kwao Bungoma, baba alipokwenda sokoni kununulia watoto viatu hakuwabeba watoto. Alibeba vijiti mfukoni, kila mtoto na chake, na siku zote aliongeza dole gumba la kukulia. Wanzala alikuwa na kijiti kirefu kuliko vyote, na alikuwa akiwaringia nacho.

"Mimi nimeacha kukua, Mama Nelima," akasema, akijaribu utani.

"Kanyaga vizuri, wacha maneno."

Kabla ya kutoka kwenda kwa Kasiva, Jentrix alizichukua zile raba nyekundu, akasukuma kijiti ndani. Kilikwama, sehemu kubwa ikabaki nje inamtazama Mukhwana. Jentrix alizikata kwa kisu cha mboga mtu asije akaziuza.

Kasiva alimtambua kwa mbali. "Mzee wa kubanwa! Nilikwambia ama sikukwambia?"

"Uliniambia, mama."

"Leo umekuja na mwenye akili. Sasa, mama?"

"Poa. Leta viatu, mguu ninao hapa," Jentrix akasema, akainua kijiti.

Kasiva alicheka, halafu akaona uso wa Jentrix, akaacha. Wanawake wale wawili waliinamia nailoni, wakawa wanasukuma kijiti ndani ya raba moja baada ya nyingine, wanapapasa kwa vidole kama kuna mshono uliojitokeza, kama kuna msumari, kama soli ya ndani imejikunja. Mukhwana alikaa kwenye kreti, mikono kifuani. Mwishowe walimpa raba za kijivu. Kijiti kiliingia chote kikalala. Soli ilibonyea na kurudi.

Akavaa, akasimama, na ule woga wa siku ya kwanza ukamrudia wote. Mguu wa kushoto haukuwa na kitu. Hakuna cha kubana wala cha kushika. Alikuwa amesimama juu ya hewa, mbele ya watu, na ilibidi aamini kwamba kuna ardhi.

"Zikoje?" Jentrix akauliza.

"Sihisi kitu. Mama Nelima, sihisi kabisa."

"Basi ndizo," akasema. Akainama, akamfunga kamba mwenyewe, akapitisha kidole chake pale ambapo kidole cha mguu cha mumewe hakingejua kama kimebanwa. Halafu akamshika mkono, wakatembea hadi mwisho wa vibanda na kurudi, yeye akitazama chini, Jentrix akitazama mbele.

Soksi sasa ni nyeupe. Alfajiri Mukhwana hutembea hadi Kawangware, na kijiti kipo kwenye mfuko wa shati; hata gambuti zilipimwa nacho zikabadilishwa. Jioni, kabla ya chakula, hukaa kwenye kiti mbele ya mlango ambako mwanga bado upo, na Jentrix hukaa kwenye kigoda. Hutazama juu na chini, halafu wanafanya ule mtihani wa Bridgit kwa unyoya wa kuku, kuona kama ganzi imekaa pale pale. Mukhwana hupenda kumalizana nao haraka.

Jana walikaa hivyo. Mukhwana alifunga macho, akakunja ngumi juu ya magoti, akangoja kuguswa. Akangoja. Jikoni maharagwe yalikuwa yanachemka. Jirani alifungua redio, akaifunga. Bado hakuguswa.

"Anza basi," akasema. "Mbona unanitesa?"



"Baba Nelima," Jentrix akasema, "unyoya nimeuweka chini zamani. Nimeushika mguu wako kwa mikono yote miwili, tangu ulipofunga macho. Nimeshika hadi hapa juu ya kisigino, ambapo juzi ulikuwa bado unahisi."

Mukhwana hakufungua macho. Alipapasa mbele yake hadi akalipata bega la mkewe, akalikamata kwa nguvu.

"Basi usiuachilie," akasema.